Dishi juu ya paa au waya mlangoni?

MZEE MWENYE DISHI: Televisheni ya nyumbani ni dishi. Nikishalipia, mawimbi yanashuka kutoka angani hadi kwenye paa langu hapa Riruta, na hakuna mtu katikati. Simwombi mlinzi wa geti ruhusa, wala sitegemei nguzo ya mtu au mtaro wa mtu. Waya hupita mikononi mwa watu wengi kabla haujanifikia, na kila mmoja wao anaweza kuukata, kwa kusudi au kwa bahati mbaya.

MPANGAJI: Mzee, hayo ni maneno ya mwenye paa. Mimi napanga Kileleshwa, ghorofa ya saba, kwenye jengo la ghorofa kumi na mbili. Paa si langu, ukuta wa nje si wangu, na mkataba wangu unakataza kutoboa ukuta au kufunga chochote kwenye roshani. Waya ulikuwa umeshafika mlangoni kabla sijahamia. Nililipa, wakaja na ruta na kisanduku cha televisheni, na jioni hiyo watoto wakawa wanatazama katuni huku nikimalizia kazi ya ofisi kwenye kompyuta. Bili ni moja. Dishi lingenipa picha tu, kisha ningetafuta intaneti kwingine na kulipa tena.

MZEE MWENYE DISHI: Bili ikiwa moja, hasara nayo huja kwa pamoja. Waya ukikatika, binti yangu, unapoteza habari, mpira, kazi ya ofisi na masomo ya watoto kwa wakati mmoja. Kumbuka miaka ile Waiyaki Way ilipochimbwa kwa ajili ya Expressway, 2020 hadi 2022. Tingatinga halijui kebo ni ya nani. Zilizo juu nazo zimefungwa kwenye nguzo za stima. Lori refu likipita linaondoka nazo. Dishi langu halina habari na barabara.

MPANGAJI: Lina habari na mvua, Mzee. Masika yakianza picha inakwamakwama, kisha maandishi yanatokea kwamba hakuna mawimbi. Na mvua kubwa ya Nairobi hupenda kushuka jioni, saa ambazo familia nzima imekaa sebuleni. Mimi hata kunyeshe namna gani, faiba haijui kama nje kuna mawingu.

FUNDI: Niwasaidie hapo, maana nafunga vyote viwili. Vifaa nachukua Luthuli Avenue, ngazi naibeba hadi Lavington, Kangemi, Kawangware, popote nitakapoitwa. Mvua inasumbua dishi kweli. Mawimbi ya televisheni ya satelaiti ni ya gigahezi kumi na zaidi, na matone makubwa huyameza njiani. Lakini dishi lililoelekezwa sawasawa hupotea kwa dakika chache tu, mvua inapokuwa kali kabisa. Picha inayokatika kwa manyunyu ni kosa la fundi, au dishi ni dogo mno, au maji yameingia kwenye kiungo cha waya. Kuna jambo jingine ambalo wateja hawaambiwi: karibu na mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, jua hupita nyuma ya satelaiti kwa muda mfupi mchana, na kelele za jua hufunika mawimbi. Siku hizo napigiwa simu na watu wanaodhani dikoda imeharibika. Haijaharibika. Ni jua.

MPANGAJI: Na waya, fundi? Usimpendelee Mzee.

FUNDI: Waya nao mvua huupata, mama. Maji huingia kwenye viungo vya mtaani. Halafu kuna suala la stima. Zile kebo za zamani za shaba zina mashine mtaani za kukuza mawimbi, na mashine hizo zinakula umeme. Faiba imepunguza shida hiyo, lakini mtambo wa kampuni na ruta yako bado vinahitaji stima.

MZEE MWENYE DISHI: Hapo umenisemea. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Mwenye paneli ya sola na betri alitazama dishi lake kama kawaida, kwa sababu kati yake na satelaiti hakuna mtambo wa mtaani. Mwenye waya alikuwa na betri nyumbani, lakini alitegemea betri za watu wengine njiani.

FUNDI: Ni kweli, Mzee, ila nikuambie na wewe kwa nini dishi haliwezi kumfaa kila mtu Nairobi. Satelaiti inayobeba DStv kwa ukanda wetu imekaa juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki, karibu kilomita 36,000 kwenda juu. Nairobi iko karibu nyuzi 37 mashariki, na nyuzi moja na ushee kusini mwa ikweta. Maana yake satelaiti hiyo iko karibu utosini mwetu. Faida yake ni kwamba jirani akijenga ghorofa ishirini kando yako, hakuzibii chochote. Hasara yake ni kwamba roshani yenye roshani nyingine juu yake haioni utosini. Mpangaji wa ghorofa ya saba hata akiruhusiwa na mwenye nyumba kufunga dishi hilo kwenye roshani, halitashika. Ni paa, au hakuna. Dishi la Azam ni tofauti: linatazama magharibi, satelaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo roshani inayotazama upande wa Kangemi yaweza kulishika. Lakini hilo nalo jengo jipya la jirani laweza kulizuia.

MPANGAJI: Basi umeshasikia, Mzee. Unaponiambia nichague dishi, unaniambia nichague paa ambalo sina. Tazama Kilimani, Kileleshwa, Lavington. Nyumba za bustani zinabomolewa, fleti zinapanda. Watu wengi wa upande huu wa mji tunaishi tukiwa tumewekwa mmoja juu ya mwingine. Kwetu sisi anga ina mlango mmoja, ule wa kupandia paa, na ufunguo anao keyateka.

MZEE MWENYE DISHI: Na ufunguo wa waya anao nani? Si kampuni moja iliyoruhusiwa kuingia kwenye jengo lenu? Ulichagua wewe, au ulichaguliwa?

MPANGAJI: Nilikuta moja. Hilo silifichi.

MZEE MWENYE DISHI: Basi umefungiwa. Kampuni nyingine ikileta bei nzuri au intaneti ya kasi zaidi, huwezi kuhama bila kuhama nyumba. Mimi nikichoka na kampuni ya dishi, nalipia nyingine. Na Januari, karo za shule zinapobana, naacha kulipia mwezi huo. Hakuna deni, hakuna barua. Narudi nikipata. Wewe ukiacha kulipa umezima na kazi yako. Waliokuuzia vitu viwili katika bili moja walijua hutathubutu kuacha.

MPANGAJI: Hoja yako ina uzito, lakini inaficha bei. Kifurushi cha juu kabisa cha DStv kimepita shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa karibu shilingi 3,000 napata faiba inayobeba filamu, muziki, masomo, simu za video na habari za stesheni zetu zote kupitia YouTube. Na usisahau tulikotoka. Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya kutoka nje ilipita kwenye satelaiti, ghali na polepole. Kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka huo ndipo bei zikaanza kushuka. Wananchi Group ikavuta waya wa Zuku mitaani, televisheni, intaneti na simu pamoja. Baadaye Safaricom nayo ikaleta faiba ya nyumbani. Waya ndio uliomfungulia mtu wa kawaida Nairobi mlango wa dunia.

MZEE MWENYE DISHI: Na Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika chini ya bahari, Afrika Mashariki nzima ilikaa ikisubiri ukurasa ufunguke. Mlango huo hufungwa mbali sana na Kileleshwa. Halafu umeruka jambo moja: mpira. Ligi Kuu ya Uingereza iko SuperSport, na SuperSport iko kwenye dishi. Waya wako hauna.

MPANGAJI: Unayo. Kampuni hiyohiyo ya dishi ina programu ya kutazamia kwa intaneti. Nalipia kifurushi, natazama kwa waya, bila dishi.

FUNDI: Lakini unatazama kwa kuchelewa, mama. Picha ya intaneti hupangwa vipandevipande kabla ya kuonyeshwa, na aghalabu hubaki nyuma ya dishi kwa nusu dakika au zaidi. Nimefunga ruta kwenye fleti ambako wateja walinilalamikia kwamba baa ya chini inashangilia goli wakati kwao mpira bado uko katikati ya uwanja. Kwa tamthilia haidhuru. Kwa mpira, inaumiza.

MAMA WA KAWANGWARE: Nimesikiliza, na nyote mnazungumza kana kwamba lazima mtu alipe kila mwezi. Mimi nilinunua dikoda ya bila malipo mara moja, nikaiunganisha na antena, na hadi leo natazama Citizen, KBC, NTV na KTN bila kumtumia mtu shilingi. Habari napata, tamthilia za Kiswahili napata, ibada ya Jumapili napata. Chumba changu ni kimoja, watoto watatu. Hizo 3,000 ni unga, mafuta na makaa. Mbona hamjaniuliza mimi?

MPANGAJI: Swali lako ni la haki, mama. Lakini unakumbuka Februari 2015?

MAMA WA KAWANGWARE: Nakumbuka vizuri. Mitambo ya analogia ilizimwa, na Citizen, NTV na KTN zikatoweka karibu wiki tatu. Wakubwa walikuwa wakivutana kuhusu nani atabeba matangazo ya nani, na ni kwenye dikoda gani. Sisi tuliambiwa tununue dikoda ili tupate picha safi, tukabaki na kioo chenye maandishi tu.

MPANGAJI: Ndiyo maana nasema njia moja haitoshi. Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima tena stesheni kubwa. Na 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipiga marufuku kuonyesha maandamano moja kwa moja, mitambo ya Limuru ikazimwa, NTV na KTN zikatoka hewani hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Siku hizo mbili, mwenye antena aliona giza. Mwenye intaneti alifuata yote kwenye YouTube na Facebook. Waya ulitufanya mashahidi wa mambo ya nchi yetu.

MZEE MWENYE DISHI: Usiharakishe. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni, intaneti nayo ilidorora nchi nzima. Anayeweza kupanda Limuru na kuzima mtambo anaweza pia kuzungumza na kampuni za intaneti, kwa sababu zote zina leseni hapa na ofisi hapa. Lakini BBC na Al Jazeera zinazonijia kwa dishi, mitambo yake ya kurushia haiko Limuru. Siku ya tabu, anga haizimiki kwa urahisi.

MAMA WA KAWANGWARE: Mzee wangu, siku ya tabu Al Jazeera haitaniambia kama Naivasha Road imefungwa na kama mtoto wangu atapata matatu ya kurudi. Nataka stesheni za kwetu, kwa lugha yangu, bila kulipa. Zikizimwa, kosa ni la aliyezima. Msigeuze kosa la serikali kuwa tangazo la biashara ya waya au la dishi.

MPANGAJI: Neno lako nimelipokea, mama. Hata hivyo, mtu hupanga maisha yake kwa nchi aliyo nayo, si kwa nchi anayoitamani.

FUNDI: Na mimi niongeze habari ya mpira, kwa sababu mama hawa wa Kawangware ndio wateja wangu na wengi ni wa Gor Mahia na AFC Leopards. Ligi yetu ilikuwa SuperSport hadi walipojiondoa 2017. Tangu 2023 iko Azam. Kwa hiyo mtu aliyenunua dishi ili aione Gor, alilazimika kununua dishi jingine, na fundi akaitwa tena. Haki za kuonyesha mechi zinahama, vyombo vinabaki ukutani.

MPANGAJI: Hiyo ndiyo hatari ya dishi, Mzee. Unanunua chuma kwa ajili ya kampuni moja. GTV iliingia 2007 kwa bei nafuu, ikiwa na mechi za Uingereza, watu wakakimbilia. Mwisho wa Januari 2009 ikazima mitambo na kufunga biashara. Watu waliokuwa wamelipa wakabaki na madishi juu ya mapaa na dikoda zisizoonyesha kitu. Waya ukikosa kampuni moja, njia ileile yaweza kutumiwa na nyingine.

MZEE MWENYE DISHI: Yaweza, ikiwa aliyeuvuta atakubali. Hujawahi kuona kampuni mbili zikigawana waya mmoja kwenye fleti yenu. Dishi langu la zamani, fundi aliligeuza upande mwingine, akabadilisha kichwa chake, likafanya kazi tena. Chuma ni changu. Waya wako ni wa nani siku utakapohama? Wapangaji wa mji huu wanahama kila mara. Mimi nikihama naling'oa dishi na kwenda nalo hadi Ngong au Kikuyu, hata kijijini ambako hakuna faiba. Wewe unaacha waya ukutani, na huko uendako huenda haujafika.

MPANGAJI: Mzee, dunia inakimbia upande gani? MultiChoice wenyewe, wenye DStv, walitangaza kwamba katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2025 walipoteza wateja milioni 1.2, wakabaki milioni 14.5 Afrika nzima. Septemba mwaka huo Canal+ ya Ufaransa ikawachukua. Watu wanaliacha dishi.

MZEE MWENYE DISHI: Wanaiacha bei. Haki za mpira hununuliwa kwa fedha za kigeni, nasi tunalipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika shilingi 160 na zaidi. Ikarudi chini hadi karibu 129, lakini mimi sijaona kifurushi kilichorudi nayo. Hayo ni malalamiko yangu juu ya wauzaji. Dishi lenyewe halina kosa. Na kama unasema dunia inakimbilia waya, mbona Starlink ilipofika Kenya Julai 2023 watu wa mjini walipanga foleni? Hilo ni dishi, binti, na linaleta intaneti.

FUNDI: Nimeyafunga hayo pia, Karen na Loresho, kwa watu waliochoka kusubiri faiba. Ni mazuri. Lakini Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, ikafungua tena katikati ya 2025. Satelaiti za televisheni hazijai: moja hutumikia nyumba moja au milioni kwa mawimbi yaleyale, kwa sababu inarusha tu wala haipokei ombi la mtu. Intaneti ya angani hugawanywa kwa kila anayeitumia. Kwa hiyo, Mzee, Starlink usiitumie kama ushahidi wa dishi la televisheni. Ni vitu viwili tofauti.

MWENYE FLETI: Mmenitaja mara nyingi, sasa nisikilizeni. Ninamiliki fleti Kilimani. Zamani niliruhusu kila mpangaji afunge dishi lake. Mafundi walipanda paa wakatoboa lami ya kuzuia maji, kila mmoja na tundu lake. Mvua ikaingia hadi vyumba vya ghorofa ya juu, na aliyelipia ukarabati ni mimi. Waya nyeusi zilining'inia mbele ya madirisha ya watu. Mpangaji akihama, dishi linabaki likiota kutu, na hakuna anayekubali kuwa ni lake. Nikapiga marufuku madishi, nikaruhusu kampuni moja ya waya iliyopita kwenye ngazi kwa utaratibu. Jengo likawa safi. Nilikosea wapi?

MPANGAJI: Kupiga marufuku matundu hukukosea. Ulikosea kuruhusu moja. Ulipoweka kampuni moja ulifanya uamuzi wa familia arobaini bila kuwauliza, na kila mwezi wanaolipa ni wao. Kampuni ikijua haina mshindani ndani ya jengo, simu ya malalamiko hupokelewa kesho kutwa. Mimi natetea waya, lakini sitetei waya wa lazima.

MZEE MWENYE DISHI: Hatimaye tumekubaliana kwa neno moja.

MPANGAJI: Kwa hilo moja, Mzee. Bado nasema mwenye kufanya kazi nyumbani na mwenye watoto wa shule hana budi kuanza na waya, kisha mpira ufuate kama fedha zitabaki.

MZEE MWENYE DISHI: Nami nasema mwenye paa lake, au anayehama mara kwa mara, au anayeishi mtaa ambao kampuni za waya bado zinaupita bila kusimama, asidanganywe kwamba dishi limepitwa na wakati. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

MWENYE FLETI: Mnasema kirahisi. Kuingiza kampuni tatu ni kuchimba mara tatu, na nyaya tatu kwenye ngazi ileile. Na paa bado ni langu kulilinda.

FUNDI: Si lazima uchimbe mara tatu. Jengo linapojengwa, weka mabomba matupu mawili au matatu kutoka getini hadi kila ghorofa; kampuni yoyote itapitisha faiba yake humo bila kugusa ukuta. Juu ya paa simamisha nguzo moja ya chuma, tundu lake lizibwe na aliyeweka lami. Funga dishi moja kubwa kwa kila satelaiti, yote yaingie kwenye kigawanyaji cha mawimbi, na kila nyumba ipate tundu lake sebuleni. Mpangaji ataleta dikoda yake tu. Weka na antena ya kawaida hapohapo, ili hata asiyelipia chochote apate stesheni za bure. Kwenye jengo jipya kazi hiyo ni ndogo ukilinganisha na lifti au tangi la maji. Kwenye jengo la zamani ni ghali zaidi, lakini inawezekana.

MWENYE FLETI: Na gharama yake? Nikiweka kwenye kodi, hawa hawa watalia.

MAMA WA KAWANGWARE: Bwana, kwetu Kawangware mwenye ploti alitaka kuleta waya wa mtu wake na kuongeza kodi kwa kila chumba, uutumie usiutumie. Tulikataa. Hatuchukii waya, watoto wetu wanauhitaji kuliko hata wa Kileleshwa, maana hawana vitabu nyumbani. Tulikataa kulipishwa kitu tusichochagua. Weka mabomba yako na dishi lako la pamoja, na gharama uitaje peke yake, kwa maandishi, mtu aone analipia nini. Usiifiche ndani ya kodi.

MWENYE FLETI: Nikitaja gharama peke yake, wengine watasema hawaihitaji.

MAMA WA KAWANGWARE: Na wawe na haki ya kusema hivyo.

MZEE MWENYE DISHI: Na hapo, bwana, ndipo utakapojua wapangaji wako wanataka nini. Hadi leo hujawahi kujua, kwa sababu hukuwahi kuwauliza.

MWENYE FLETI: Wakija pamoja na ombi moja, wakasaini, nitaita fundi apime. Mmoja mmoja siwezi. Leo huyu anataka Azam, kesho yule anataka faiba nyingine, keshokutwa wote wamehama.

MPANGAJI: Hilo neno lako nitalichukua, nitalipeleka kwenye kikao cha wapangaji, na nitarudi na sahihi. Na kwa wote wanaotafuta nyumba Kilimani, Kileleshwa, Lavington, Kangemi au Riruta, nawasihi: kabla hamjalipa amana, ulizeni ni kampuni ngapi za waya zinaruhusiwa kuingia, kama paa lina dishi na antena ya pamoja, stima ikipotea nini hubaki kikifanya kazi, na ukihama kilicho chako ni kipi. Msikubali kujibiwa kwa mdomo. Majibu yaandikwe kwenye mkataba, ndipo mtie sahihi.